Kompyuta Iliyochomwa na Joto: Kabla ya Kununua Vipuri



Wiki hii twaweka kando mambo ya jikoni na ya malezi, tuzungumzie chombo ambacho siku hizi kimekaa katika nyumba nyingi kando ya cherehani: kompyuta ya mezani. Si mashine yenyewe tunayokusudia, bali siku ile inapozimika kwa joto na fundi akatutajia bei ya vipuri, nasi hatujui tukubali au tukatae. Siku hiyo ilitufika sisi wenyewe. Tumeona tuwasimulie, pamoja na makosa yetu mawili, ili nyinyi msiyarudie.

Jambo lilitokea Kiambere. Wengi wetu twafaidika na Kiambere bila kuijua. Ni pahali penye bwawa la mto Tana, upande wa Mbeere katika kaunti ya Embu. Mitambo yake miwili ya umeme ilianza kazi mwaka 1988, na leo, baada ya kukarabatiwa, ina uwezo wa megawati 168. Kutoka hapo nyaya za kilovolti 220 zimevutwa hadi Rabai, mlangoni mwa Mombasa, na kwa miaka mingi njia hiyo imekuwa tegemeo kubwa la umeme wa pwani. Nayo maji yakishapita mitambo huendelea na safari yake, yakapita Garissa, Hola na Garsen mpaka yakamwagika baharini Kipini. Basi Kiambere na pwani, ijapokuwa ni mbali, ni jirani wa mto mmoja na waya mmoja.

Dada yetu mdogo anaishi huko. Mumewe alipelekwa na kazi, naye akamfuata, wakapata watoto watatu. Mume alipofariki, na dada yetu alipomaliza eda yake, tulimwomba arudi nyumbani Mombasa. Akakataa kwa adabu, akisema watoto wamezoea shule na yeye amezoea watu. Tukachangishana, tukamnunulia kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ng'ambo pamoja na printa, akafungua kibanda cha kuchapa karibu na soko. Huchapa mitihani ya shule za jirani, huwajazia wakulima wa pojo fomu za kodi, huwasaidia vijana kuomba mikopo ya masomo na vyeti vya serikali kwa intaneti. Kwa kibanda hicho amelipa karo miaka minne, na hajatuomba shilingi.

Mwezi wa Februari, wakati jua la Mbeere limekaza, alianza kutuambia kwamba kompyuta huzimika yenyewe baada ya adhuhuri. Feni yake hunguruma kama mashine ya kusaga, kisha kimya. Akiiacha nusu saa huwaka tena. Sisi hatukulitilia maanani. Tukamwambia aipumzishe kidogo, basi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi ule ufa tulionyeshwa mapema, tukautazama tu.

Siku ya Jumatano moja akasikia harufu ya kitu kilichoungua, na mashine haikuwaka tena. Mezani pake palikuwa na nakala za vyeti vya vijana wanane waliomwachia awajazie maombi ya mkopo, na muda ulikuwa umebaki siku tisa. Fundi akaitwa kutoka mji wa jirani. Akaifungua, akaitazama kwa dakika tano, akasema: "Mama, imeungua yote. Bodi, prosesa na RAM." Akataka shilingi 18,500 kwa vipuri na kazi. Au, akasema, mama ampe ile iliyoungua amwongezee shilingi 14,000, naye ampe nyingine nzima.

Dada akatupigia simu jioni ile. "Dada zangu, nimpe?"

Tukamwuliza: ndani ya diski muna nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema mna kila kitu. Mna kazi za wateja, na nakala za vitambulisho vyao. Mna picha za harusi ya mpwa wetu, zile za upande wa wanawake, watu wamejipamba na hawana buibui. Na mna sauti ya marehemu mumewe akiwasomesha watoto Qur'ani, ambayo haiko pahali pengine popote.

Tukamwambia: usimpe mtu kitu mpaka tufike.

Kwanza ni diski

Hili ndilo neno la kwanza tunalotaka mama yeyote alishike. Vipuri vyote vya kompyuta vyanunulika, isipokuwa kilichomo ndani ya diski. Kabla mashine haijatoka nyumbani kwenda kwa fundi, na kabla haijabadilishwa kwa nyingine, diski itolewe na ibaki nyumbani. Kuitoa si kazi ngumu. Mashine huchomolewa umeme, kifuniko cha ubavuni hufunguliwa, waya mbili huvutwa kwa upole, na skrubu chache hulegezwa. Fundi mwaminifu hatachukia, kwani bodi, prosesa na pawasaplai zaweza kupimwa bila diski yako.

Twalisema hili kwa mkazo kwa sababu ya sitara. Picha tulizopiga ndani ya nyumba kwa kuaminiana si mali yetu peke yetu, na karatasi za wateja ni amana. Mtu akikupa kitambulisho chake umchapie, hakukupa ruhusa ya kukipeleka kwenye duka asilolijua. Mafundi wengi ni watu wema. Hata hivyo hakuna sababu ya kumtia mtu mwema katika mtihani.

Diski ikishatoka, itafutiwe mashine nyingine nzima iunganishwe, na yaliyomo yanakiliwe pahali pawili. Joto huidhuru diski pia. Diski nyingi za kuzunguka hazikuundwa kufanya kazi zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, na iliyowahi kupikwa yaweza kuwaka leo ikafa wiki ijayo. Ukisikia inalia tik-tik, usiiwashe na kuizima ukijaribu bahati. Mpelekee anayejua kazi hiyo.

Joto huua nini, na huacha nini?

Tulisafiri sisi wawili pamoja na mtoto wa kaka yetu, kijana aliyesomea umeme. Basi la usiku mpaka Nairobi, matatu mpaka Embu, gari la Kiritiri, na mwisho pikipiki. Njiani alitufundisha jambo ambalo laiti tungelijua mapema tusingelipata hofu ile.

"Shangazi," alisema, "prosesa ndiyo inayotoa joto jingi, lakini ndiyo aghalabu ya mwisho kufa."

Sababu yake ni hii. Prosesa za miaka hii zina kipimo cha joto ndani yake. Joto likipanda mno hupunguza mwendo ili zipoe, na likikaribia nyuzi 100 hujizima. Kule kuzimika baada ya adhuhuri kulikokuwa kukitusumbua hakukuwa ugonjwa. Kulikuwa ni mashine kujiokoa. Waungao ni majirani zake wasio na kinga kama hiyo.

Wa kwanza ni kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya bodi kuu na ndani ya pawasaplai, ambavyo huhifadhi umeme na kuutuliza. Nyingi zina majimaji ndani, na kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, kila joto likiongezeka kwa nyuzi 10 umri wake hupungua karibu nusu. Kapasita iliyopikwa hufura kichwani kama mkate ulioumuka, au huvuja uchafu wa rangi ya kahawia. Wa pili ni feni, ambayo mafuta yake hukauka ikaanza kulia, kisha ikasimama. Wa tatu ni ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyopakwa baina ya prosesa na bamba lake la kupozea. Ikikauka ikawa kama unga, joto halipiti tena, hata feni ikizunguka kwa nguvu zake zote.

Kwa hiyo neno "imeungua yote" ni la kuulizwa kwa upole. Fundi, kipi kimeungua? Umekijuaje? Na joto lilitoka wapi? Asiyeweza kujibu swali la tatu atakuuzia kipuri ambacho kitaungua tena, kwa sababu moto wenyewe hakuuzima.

Dalili zenyewe husema, kwa anayezisikiliza. Mashine isipowaka hata taa, anza na waya na tundu la ukutani. Kisha fungua plagi, kwani plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, na mara nyingine ni hiyo tu. Hivyo vikiwa vizima, shaka yageukia pawasaplai. Mashine ikiwaka kisha ikazimika baada ya dakika chache, tazama feni ya prosesa na ile dawa. Ikiwaka, feni zikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi na mlio ukasikika, chomoa vijiti vya RAM, visugue meno yake kwa ufutio laini, uvirudishe kimoja kimoja. Ikionyesha maandishi kwamba haikuona pa kuanzia, hapo ni diski. Bodi kuu ishukiwe mwisho, baada ya vyote kupimwa, kwa kuwa ndiyo ghali na ndiyo ngumu kulinganisha.

Na onyo moja kwa kina mama na watoto wenye mikono ya udadisi: sanduku la pawasaplai lisifunguliwe nyumbani abadan. Kapasita zake hubaki na umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa. Likifa, hubadilishwa zima.

Makosa yetu mawili

Tulipofika Kiambere tulimkuta dada ameifunika kompyuta yake kwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni. Tulikijua kitambaa kile. Tulimfumia sisi wenyewe, tukampelekea pamoja na mashine, kama tufanyavyo huku pwani: televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake, na jokofu lina chake. Akatwambia kwa fahari kwamba hajawahi kukiondoa ila siku ya kukifua, asije vumbi akaiharibu zawadi ya ndugu zake.

Mashine ilikuwa ikifanya kazi mchana kutwa chini ya kitambaa hicho. Nacho kilining'inia nyuma, kikaziba matundu ya kutolea hewa moto. Meza yenyewe ilikuwa imeegemezwa ukuta wa mabati unaotazama machweo, ambao alasiri haushikiki kwa mkono. Kijana alipofungua ubavu, mbavu za bamba la kupozea hazikuonekana. Zilikuwa zimejaa vumbi jekundu la Mbeere, limeshikana kama sufi ya mto.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na tuliliungama mbele ya dada yetu. Yeye akacheka, akasema kitambaa hakina dhambi.

Kosa la pili lilikuwa mkobani mwetu. Kabla ya kuondoka Mombasa, kwa kusikia tu kwamba mashine haiwaki kabisa, tuliharakisha kununua pawasaplai mpya ya wati 500. Kijana alitusihi tungoje kwanza tuione mashine, nasi tukaona anachelewesha safari. Kumbe pawasaplai ya kawaida hushika bodi kwa plagi kubwa ya pini 24, na mashine ya dada yetu ilikuwa na plagi ya pini 8. Kampuni kubwa zinazounda kompyuta za ofisini mara nyingi huzipa baadhi ya mashine zao plagi, feni na maumbo yao wenyewe, yasiyoingiliana na vya kawaida. Mwenye duka alikuwa radhi kurudisha fedha. Lakini duka liko Mombasa, nasi tulikuwa Kiambere na siku zimebaki saba.

Aliyetuokoa ni mwalimu mkuu wa shule ambayo dada huichapia mitihani. Ofisini kwake palikuwa na kompyuta ya aina ileile. Akatuazima pawasaplai yake kwa saa moja, kijana akaiunganisha, na mashine iliyokuwa "imeungua yote" ikawaka. Bodi nzima, prosesa nzima, RAM nzima. Kilichokufa ni pawasaplai peke yake. Tulipomulika tochi kwenye matundu yake tuliona kapasita zimefura.

Dada alitaka tusherehekee. Kijana akasema bado. Akaingia kwenye ukurasa wa ndani wa mashine, ule uonekanao kabla ya mfumo kuanza, ambao huonyesha joto la prosesa. Haikuwa ikifanya kazi yoyote, na kwa dakika chache joto lilikuwa limepita nyuzi 90. "Tungeweka pawasaplai mpya tukaondoka," alisema, "tungeitwa tena mwezi wa Aprili."

Kununua kwa kulinganisha

Asubuhi yake kijana alikwenda Embu mjini, nayo pawasaplai mbovu ameishika mkononi. Hilo ndilo fundisho la ununuzi: nenda na kipuri cha zamani, usiende na maelezo. Kama huwezi kukichukua, kipige picha pande zote, na hasa kibandiko chenye namba. Jina la kampuni na umri wa mashine havitoshi. Haya hapa ni mambo ya kutazama kwa kila kimoja.

Pawasaplai: plagi zake, umbo lake, na wati zisizopungua za ile ya kwanza. Tazama pia kama inakubali umeme wetu wa volti 240. Baadhi ya zilizotoka Marekani, hasa za zamani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma. Ikiwa kwenye 115 ukaichomeka ukutani kwetu, italia mara moja na haitalia tena.

Feni: upana wake kwa milimita, kama 80, 92 au 120, na pini za waya wake, tatu au nne. Mwelekeo nao ni muhimu. Kwa kawaida ya mbele huingiza hewa na ya nyuma hutoa. Ikifungwa kinyume, mbili hizo hushindana, na joto hubaki ndani.

Dawa ya prosesa: kitu cha bei ndogo kabisa katika orodha hii, nacho ndicho husahauliwa. Ya zamani ipanguswe kwa spiriti mpaka chuma king'ae, kisha mpya itiwe katikati kwa kiasi cha chembe moja ya kunde. Si siagi ya mkate, ikizidi haisaidii.

RAM: aina zake haziingiliani. DDR3 ina meno 240, DDR4 ina 288, na pengo lililo katikati ya meno liko pahali tofauti. Kisipoingia kwa wepesi, si chake. Usikilazimishe.

Bodi kuu na prosesa: hawa ni mume na mke. Soketi ya bodi lazima iwe ya prosesa hiyohiyo, na hata soketi zenye jina moja hazikubali kila kizazi cha prosesa. Kwa hivyo bodi ikifa kweli, simama upige hesabu kabla ya kununua. Mashine ya zamani bodi yake hupatikana kwa shida, aghalabu nayo ni iliyotumika, na huenda imepikwa kama ya kwako. Kipimo chetu sisi ni hiki: gharama ikipita nusu ya bei ya mashine nzima ya umri huohuo, nunua mashine, uhamishe diski yako. Kumbuka pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2017 hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Mashine kama hiyo bado yaweza kuchapa na kujaza fomu kwa mfumo wa bure kama Linux, lakini si ya kumwagiwa fedha za bodi.

Diski: ikibidi kubadilishwa, ile ya SSD isiyo na kitu kinachozunguka yafaa hata kwenye mashine nyingi za zamani, na aghalabu hutoa joto dogo.

Kipuri kilichotumika si kibaya kwa kuwa kimetumika. Ubaya ni kukinunua gizani. Omba kiwashwe mbele yako, omba risiti, na muulize muuzaji waziwazi: kikishindwa baada ya siku ngapi utanirudishia? Dini yetu imemtaka muuzaji aeleze aibu ya bidhaa yake, na imempa mnunuzi khiyari ya kurudisha anapokuta aibu iliyofichwa. Kuuliza si kumdhania mtu vibaya. Ni kumsaidia naye asalimike.

Hesabu ya mwisho

Pawasaplai iliyotumika na kupimwa, shilingi 2,800. Feni ya prosesa, 900. Feni ya nyuma, 600. Dawa, 300. Jumla shilingi 4,600, badala ya 18,500. Baada ya kusafisha na kufunga upya, joto lilibaki baina ya nyuzi 45 na 55, chumba chenyewe kikiwa na joto la alasiri. Yule fundi wa kwanza tulimpigia simu tukamweleza tulichokikuta, si kwa kumsuta. Alishukuru, akasema hakuwa na pawasaplai ya kupimia. Twaamini alisema kweli, na ndiyo maana hatukumtia maneno hapa zaidi ya yaliyotokea.

Kisha tukaizima sababu. Meza ilihamishwa ukuta wa mashariki, ikaachwa nafasi ya mkono mmoja nyuma yake. Dirisha likatiwa wavu wa kuzuia vumbi, bila kuziba hewa. Tukakubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi mashine ichomolewe, itolewe nje, ipeperushwe vumbi kwa brashi laini na pampu ya mkono, feni ikizuiliwa kwa kidole isizunguke. Ile pawasaplai yetu ya wati 500 tuliirudisha Mombasa, na fedha yake tukaiongeza tukamnunulia UPS, ili umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo usiipige mashine moja kwa moja. Kapasita na vipuri vibovu havikutupwa jaani wala kuchomwa, kwa sababu vina madini ya sumu kama risasi. Tulivibeba hadi Nairobi, ambako kuna kituo cha kushughulikia taka za umeme.

Nanyi mlioko Mombasa, Malindi na Lamu, msiseme hayo ni ya bara penye vumbi jekundu. Huku kwetu hewa ina chumvi na unyevu. Vumbi likichanganyika na unyevu hugandama kwenye mbavu za kupozea, lisipeperuke kwa pumzi, na chumvi huingia kwenye meno ya RAM na plagi ikala madini. Mashine iliyoko karibu na bahari ifunguliwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Isiwekwe kwenye kabati lililofungwa, wala kwenye kona ya jiko, wala sakafuni ambako kila ufagio huipelekea taka zake.

Dada yetu alijaza fomu za vijana wote wanane, wa mwisho akimmaliza usiku wa siku ya nane, kwa kuwa mtandao wa mchana ulikuwa mzito. Ile sauti ya marehemu tumeinakili mara tatu: nakala moja iko kwake, moja iko kwetu Mombasa, na moja iko kwa mama mkwe wake. Alipotusindikiza stendi ya Kiritiri tulimwuliza kuhusu kitambaa. Akasema amekihamishia kwenye sinia la mahamri anayouza pale kibandani asubuhi, na kompyuta sasa huifunika usiku tu, ikiwa imezimwa na imepoa.

Basi, ndugu msomaji, leo kabla ya kulala kapitishe mkono nyuma ya kompyuta ya nyumbani kwako. Ukikuta hewa imezibwa, izibue. Na mwanao akikwambia mashine inanguruma na kuzimika baada ya adhuhuri, usimwambie kama tulivyomwambia sisi dada yetu.